Miguu Bado Ina Nguvu

Wanangu, leo tuizungumzie ile sauti. Kila aliyewahi kuanza mbio ndefu anaijua. Umefunga kamba za raba, umetoka nyumbani na furaha yako, umepita duka la kwanza na la pili, mara inakuja: simama, huwezi, wakimbiaji ni wale, wewe si mmoja wao. Kifua kinawaka, miguu imekuwa mizito, na ile nguzo ya umeme uliyojiahidi kuifikia inazidi kwenda mbali. Unasimama, unashika magoti. Kusimama hakuna ubaya. Kinachoniuma ni kwamba wengi wenu mkisimama hapo mnarudi nyumbani mkiamini kuwa miili yenu haikuumbwa kwa mbio. Imani hiyo nataka kuibomoa, na sitaibomoa kwa maneno matamu. Nitawasimulia mambo yaliyopimwa.

Huko Wales, katika Chuo Kikuu cha Bangor, alikuwepo mtafiti Mwitaliano aitwaye Samuele Marcora. Yeye na mwenzake waliwaita wachezaji 10 wa raga, vijana wenye mapaja ya kutisha, wakawapandisha kwenye baiskeli za mazoezi. Kwanza waliwaambia wakanyage kwa nguvu zao zote kwa sekunde 5. Wakatoa wastani wa zaidi ya wati 1,000. Baadaye wakawekewa kazi nyepesi zaidi, wati 242, na kuambiwa waendelee mpaka washindwe kabisa. Baada ya dakika kama 10 hivi, mmoja baada ya mwingine, wakashindwa. Basi, siwezi tena, miguu imekwisha.

Sasa sikilizeni. Palepale, bila hata kushuka kwenye baiskeli, waliambiwa tena: kanyaga kwa nguvu zote, sekunde 5 tu. Wakatoa wastani wa wati 731.

Mtu ameapa hawezi kutoa wati 242, na sekunde chache baadaye miguu ileile inatoa mara tatu ya hizo! Ni kweli ilikuwa imechoka, maana haikufika tena ile 1,000 ya mwanzo. Lakini haikuwa tupu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010, na wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake yote. Mimi yananitosha kwa jambo moja: ule wakati mtu anaposema siwezi, mara nyingi mwili bado una akiba.

Kwa nini basi tunasimamishwa mapema? Mfikirie mama mwenye debe moja la unga, na mwisho wa mwezi uko mbali. Hangoji kusikia kibaba kikikwaruza chini ya debe. Anaanza kupunguza kipimo mapema, na watoto wakiomba cha kuongeza anawaambia unga hakuna, ingawa upo. Hasemi hivyo kwa uchoyo, ila anataka kesho wale pia. Wako wataalamu wanaoamini kuwa ubongo wako huulinda mwili namna hiyo. Na kwa anayeanza, huenda ulinzi huwa mkali zaidi, kwa sababu ubongo haujawahi kuiona safari hii. Haujui ni ndefu kiasi gani wala kama kuna kurudi.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko lile la wachezaji wa raga. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, watafiti waliwatia waendesha baiskeli sukari moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, wakitazamia waende kasi zaidi. Hawakwenda. Ndipo mwaka 2004 wakajaribu jambo ambalo ukilisikia unacheka. Waliwapa waendeshaji maji yenye wanga uliokaribia kutokuwa na ladha, wakawaambia wasukutue tu kinywani kisha wateme. Wasimeze hata tone. Katika safari ya kama saa nzima, walimaliza karibu dakika 2 mapema kuliko siku waliyosukutua maji matupu. Wanga haukufika tumboni, haukufika miguuni. Kinywa kilipeleka habari tu kwamba chakula kinakuja, na kichwa kikalegeza kamba. Ina maana ile sauti husikiliza habari, na ukiipa habari njema hubadilisha uamuzi.

Habari iliyo bora kwa anayeanza ni mwendo wa polepole. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mnatoka nyumbani kama mnafukuzwa! Dakika chache za mwanzo, moyo na mapafu bado havijaifikia kazi ya miguu, na hewa inayohitajika ni nyingi kuliko inayofika. Ndiyo maana huhema vibaya mwanzoni, hata bingwa huhema. Ukiwa umeondoka kwa kasi, unaipokea shida hiyo kama hukumu ya maisha yako yote. Ukienda taratibu, kiasi cha kuweza kumsimulia mwenzako jambo sentensi nzima bila kukatika, baada ya muda pumzi inakaa sawa na unashangaa ile nguzo imeshapita. Na sauti ikija, usisimame kwanza. Punguza mwendo, hata uwe sawa na wa mtu anayetembea haraka, uisikilize tena. Mara nyingi huwa imenyamaza. Lakini maumivu makali ya kifua, kizunguzungu, au goti linalochoma kila hatua, hayo ni habari nyingine kabisa: simama na umwambie mtu mzima.

Tena usiende kujipima siku ambayo kichwa kimechoka. Marcora huyohuyo, mwaka 2009, aliwakalisha watu dakika 90 wakifanya kazi ngumu ya akili kwenye kompyuta kabla ya kupanda baiskeli. Siku hiyo walishindwa baada ya dakika 10 na sekunde 40. Siku waliyotazama filamu ya kawaida walifika dakika 12 na sekunde 34. Mapigo ya moyo hayakuonyesha kwamba mwili umechakaa zaidi. Kwa hiyo ukikimbia jioni baada ya mtihani wa hesabu na kushindwa mapema, usijiite dhaifu.

Lakini wanangu, sauti nyingine hatukuzaliwa nazo. Tumetiwa masikioni. Mwaka 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Wanawake wote 9 wa fainali walimaliza. Waliochoka walichoka, kama wanaume wanavyochoka. Magazeti yakaandika kwamba wengine waliacha mbio na kuanguka ovyo, kwamba mwanamke hafai kwa umbali huo. Mita 800! Mbio hizo zikafutwa, na wanawake hawakuruhusiwa tena kuzikimbia kwenye Olimpiki mpaka Roma, mwaka 1960. Miaka 32. Hebu fikirini wasichana wangapi waliota, wakaambiwa, wakaamini, wakazeeka bila kujaribu.

Marathoni ya wanawake, kilomita 42 na zaidi, iliingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, na Joan Benoit wa Marekani akaishinda kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52. Miaka kumi baadaye Tegla Loroupe, binti wa Kipokot ambaye utotoni alikuwa akikimbia kilomita kama 10 kwenda shule, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York. Mwaka 1998 akavunja rekodi ya dunia huko Rotterdam. Miili ya wanawake haikubadilika kati ya 1928 na 1998. Kilichobadilika ni yale waliyokuwa wakiambiwa.

Kwa hiyo sauti ikikujia, iulize imetoka wapi. Ni kifua chako kinachosema, au ni yule mtu aliyekucheka kwa unene wako, au aliyesema ukoo wenu hauna wakimbiaji? Kama ni kifua, punguza mwendo. Kama ni yule mtu, yeye hayumo njiani pamoja nawe.

Wiki hii nendeni wawili wawili, ili mjipime kwa maneno. Mkifika mahali mnaposimama siku zote, ongezeni dakika 2 za mwendo ule wa kuzungumza, kisha tembeeni kurudi nyumbani. Msiongeze nyingine siku hiyo hata mkijisikia mnaweza. Wiki ijayo mniambie sauti ilianzia wapi safari hii.