Hedifoni ya michezo ya kompyuta: Je, yafaa kwa matumizi ya kila siku?

Ikiwa una kijana nyumbani aliyemaliza kidato cha nne na ambaye simu haimtoki mkononi, basi ombi hili limekwisha kukufikia au li njiani. Anataka hedifoni. Si vile vidude vidogo vya kupachika ndani ya sikio vinavyouzwa katika kila kituo cha matatu, bali ile kubwa inayofunika sikio zima, yenye kijiti cha kipaza sauti mbele ya mdomo na taa za rangi ubavuni, utadhani ni ya rubani wa ndege. Anakuambia ni ya kazi. Wewe ukitazama sanduku unaona picha ya askari mwenye bunduki, na moyoni unajiuliza ni kazi gani hiyo.

Huenda kijana anasema kweli. Hedifoni hizi zilitengenezewa watu wanaocheza michezo ya kompyuta na kusemezana wakati mchezo ukiendelea. Lakini yale anayoyataka mchezaji, yaani kusikia vyema, kusikika vyema na kukaa na kitu kichwani saa nyingi bila kuumia, ndiyo anayoyahitaji mwanafunzi wa chuo anayefuata somo kwa simu, au kijana anayelipwa kwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno. Kazi hizo za mtandaoni si hadithi. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili kuwaelekeza vijana huko, na tangu shule zifungwe Machi 2020 kwa sababu ya corona, masomo na mikutano ya simu imeingia hata katika maboma ambayo awali hayakuwa na habari nayo.

Suala ni iwapo ile ya bei nafuu, ya kati ya shilingi 1,500 na 3,000, inaifaa kazi hiyo. Kwa mzazi wa Birongo anayetegemea majani ya chai au mikungu ya ndizi anayoteremsha sokoni, hizo si fedha za kuchezea. Kwa sababu hiyo mwandishi wa makala haya aliivaa moja ya shilingi 1,800 kwa wiki mbili papa hapa Birongo, akazunguka nayo nyumbani, dukani na kando ya barabara. Jina lake halitatajwa, maana hedifoni za bei hiyo hubadilishwa majina kila uchao huku umbo likibaki lile lile.

Tuanze na sanduku, kwa kuwa ndilo linalosema uongo mwingi. Utaona imeandikwa 7.1 kwa herufi kubwa. Maana yake halisi ni chumba chenye spika 7 zinazomzunguka msikilizaji na moja ya nane ya kutoa besi. Hedifoni ya bei hii ina spika 2, moja kwa kila sikio, basi. Hiyo 7.1 ni ujanja unaofanywa na programu ndani ya kompyuta, na ukiichomeka kwenye simu ujanja wenyewe haupo. Usiongeze hata shilingi kumi kwa ajili yake. Binadamu ana masikio mawili, na sauti mbili zilizotenganishwa sawasawa zinamtosha mchezaji kujua kama adui anatokea kushoto au kulia.

Kisha kuna taa. Nyingi ya hedifoni hizi zina mikia miwili: mmoja una plagi nyembamba ya duara, ile ya milimita 3.5 tuliyoijua tangu enzi za redio za mkononi, na mwingine una plagi ya USB. Mnunuzi hudhani USB inaleta sauti iliyo bora zaidi. Katika hii niliyoivaa, na katika nyingi za aina yake, kazi ya USB ni kuwasha taa tu. Unaweza kuhakikisha dukani: chomeka plagi ya duara peke yake kwenye simu. Sauti ikija na kipaza sauti kikifanya kazi, jua kuwa USB ni ya mapambo. Taa zenyewe mvaaji hazioni, kwani ziko nje ya masikio yake. Labda zinawafurahisha jirani.

Plagi ya duara nayo itazame kwa makini. Hesabu mistari myeusi inayoizunguka. Ikiwa ni mitatu, inabeba sauti ya kusikiliza pamoja na ile ya kipaza sauti, na inafaa kwa simu. Ikiwa ni miwili, ni ya kusikiliza tu. Kompyuta nyingi za mezani, hasa za zamani kama zilizo katika vyumba vya huduma za uchapaji, zina matundu mawili, la kijani la kusikiliza na la waridi la kusemea, na hapo utahitaji kiwaya cha kugawanya kuwili. Kisipokuwamo sandukuni, kiulizie bei kabla hujalipa. Isitoshe, simu nyingi za siku hizi hazina tundu la duara kabisa. Mtu anafika nyumbani na hedifoni mpya, anaigeuza simu juu chini na chini juu, hakuna pa kuchomeka.

Je, si heri anunue ile isiyo na waya? Kwa kazi hii, la. Ya Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, jambo linalomkera mchezaji, lakini kubwa zaidi ni kwamba kwa nyingi ya hizo, mara tu uwashapo kipaza sauti chake, sauti unayoisikia hupungua ubora na kuwa kama ya simu ya zamani. Mwanafunzi ataiona tofauti hiyo kila mara anapotaka kumjibu mwalimu. Tena ya waya wa duara haihitaji chaji. Umeme ukipotea jioni, na sote twajua unavyopotea, hiyo inaendelea kufanya kazi maadamu simu ina moto.

Sasa tufike kwenye kipaza sauti, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachostahili ile bei. Nilisimama kando ya barabara, matatu zikipiga honi na makanga wakiita abiria, nikajirekodi mara mbili: mara moja kwa kipaza sauti cha simu iliyokuwa mkononi, mara ya pili kwa kile kijiti. Ya kwanza ilikuwa soko zima na mimi nikiwa ndani yake. Ya pili ilikuwa mimi, na soko kwa mbali. Si kwamba kijiti kina ufundi wa ajabu. Kiko karibu na mdomo, na ukaribu ndio dawa. Ila usikiweke mbele ya midomo kabisa, la sivyo kila pumzi itasikika kama upepo wa Julai. Kivute kando, kwenye pembe ya mdomo, upana wa vidole viwili.

Nyumbani, jaribio kubwa lilikuwa mvua. Anayeishi nyanda hizi za Kisii na Nyamira anajua mvua ya alasiri inavyoshukia mabati, hata mtu na mkewe hawasikizani mezani. Vikombe vya hedifoni vilipunguza ule mlio mkali wa matone, lakini ule mngurumo wa chini ulipenya kama kawaida. Kwa hivyo mvua kubwa ikinyesha, mkutano wa simu bado ni shida. Hedifoni zenye mitambo ya kuzima kelele zipo, lakini si kwa bei hii, na sanduku likidai hivyo kwa shilingi 1,800, tia shaka.

Na sauti yenyewe? Hapa niliijaribu kwa obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito inayonguruma. Obokano ilivuma vizuri ajabu, pengine kupita kiasi. Hedifoni za michezo hutiwa besi nyingi makusudi ili milipuko ya mabomu isisimue. Kwa muziki haidhuru. Lakini nilipoweka mahojiano ya redio, sauti ya mwanamume mwenye koo nzito ilizibika kidogo, kana kwamba anasemea ndani ya gunia. Sababu yake ni kwamba herufi kama s, f na sh hukaa katika sauti za juu, na besi ikizidi huzifunika. Anayeandika maneno ya watu kwa malipo hawezi kubahatisha kama amesikia "fikia" au "sikia". Dawa ipo, tena ya bure: katika simu na kompyuta nyingi kuna mahali pa kurekebisha sauti. Punguza besi, pandisha kidogo zile za juu. Baada ya kufanya hivyo niliandika mahojiano ya nusu saa bila taabu.

Kuhusu kuvaa, usiamini kuijaribu kwa dakika moja dukani. Uzito ndio unaoumiza, na uzito hupimika. Nilimwomba mwenye duka anayepima sukari aiweke kwenye mizani, naye akacheka, akaiweka: gramu 340. Kwa kulinganisha, HyperX Cloud Stinger, hedifoni ya michezo iliyotoka mwaka 2016 na kuuzwa dola 50 huko Marekani, ina gramu 275. Tofauti ya gramu 65 ni kama yai moja kichwani, na saa ya kwanza huisikii. Saa ya tatu utosi unauma. Anayevaa miwani atabanwa juu ya masikio, na dada mwenye misuko mikubwa au mama aliyefunga kitambaa ataona ukanda haukai. Mito ya masikioni ni ya ngozi bandia. Jua likiwaka inatoa jasho, na ngozi ya aina hiyo baadaye huchunika vipande vyeusi vinavyobaki shavuni. Ipanguse kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuivaa, hasa kama nyumba nzima inaitumia moja.

Waya hukatika sehemu mbili: unapoingia kwenye kikombe na unapoishia kwenye plagi. Upinde pindepinde sehemu hizo sauti ikiwa inaendelea. Ikikatakata, rudisha. Ukikatika baadaye, fundi wa simu anaweza kukubadilishia plagi, lakini mwambie akwangue au achome ile rangi iliyopakwa juu ya nyuzi za shaba kabla ya kuzilehemu, maana rangi hiyo haipitishi umeme. Fundi asiyelijua hilo hulehemu, hedifoni inabaki bubu, kisha anakuambia spika zimeungua.

Nimeacha la masikio hadi sasa kwa kuwa ndilo lisilokuwa na fundi. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena. Shirika la Afya Duniani lasema zaidi ya vijana bilioni 1 wa umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa kusikiliza sauti za juu. Kipimo chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto 75. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu: ukifika 90 una saa 4 tu kwa juma zima, na kwenye 100 ni dakika 20 hivi. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60.

Sasa fikiria mvua iko juu ya mabati, kijana yumo katikati ya vita vyake, naye anapandisha sauti ili aishinde mvua. Mvua inakatika, sauti haishuki. Mchezo unaweza kwenda saa tano mfululizo usiku, na mama aliyemwita mara tatu ale chakula anadhani ni kiburi. Mjaribu hivi: simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Ukiusikia mchezo wake wazi huku hedifoni imebana masikio yake, sauti imezidi. Akikuambia masikio yanavuma akiivua, apumzike, na mvumo ukiendelea hadi kesho yake apelekwe hospitali.

Kwa hivyo ningeinunua? Kwa mwanafunzi, kwa anayeandika sauti kwa malipo, kwa mzee anayezungumza na binti yake aliyeko Minnesota kila Jumapili na anachoka kushika simu, ndiyo, ya shilingi 1,800 inatosha, mradi kipaza sauti na waya vimepita majaribio. Kwa anayetaka muziki tu, hapana. Anaweza kupata sauti safi kwa fedha chache zaidi katika vile vidogo. Mwendesha bodaboda asiivae barabarani kamwe, kwani lori la nyuma hatalisikia.

Ukienda kununua, iwe Kisii mjini au Luthuli Avenue huko Nairobi, nenda na simu yako yenye chaji. Fungua sanduku pale pale kaunta, jirekodi, pinda waya, sikiliza mtu akizungumza wala si muziki. Chukua risiti yenye jina la duka na tarehe. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 ipo, lakini bila risiti utaanza malalamiko yako kwa kuthibitisha kwamba uliwahi kufika dukani humo. Na muuzaji akisema sanduku halifunguliwi kabla ya kulipa, mshukuru, uvuke barabara uende kwa mwenzake.