Mahali Patupu kwenye Ramani Si Mahali Patupu



Chukua ramani ya Nairobi, utafute Majengo. Utaona barabara, utaona Mto Nairobi umechorwa kwa mstari mmoja wa buluu ukipita Gikomba. Hutaona mti unaoshika ukingo usibomoke. Hutaona nduma za akina mama, wala mahali maji yanapopandia wakati wa mvua kubwa. Sisi twavijua. Ramani haivijui.

Basi kuna hatari gani? Mtakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Watu zaidi ya 200 walikufa nchini, na serikali ikaamuru walioishi ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame. Mipango ya mto hupangwa kwa ramani. Kitu kisichokuwa kwenye ramani, mpangaji atasema hakipo.

KIELELEZO NI NINI?

Siku hizi wataalamu wa wanyama na mimea hutumia kompyuta kukisia ndege au mti fulani unaweza kuishi wapi. Wanaandika mahali ulipoonekana, wanaangalia mvua ya hapo, joto lake na urefu wa nchi, kisha wanatafuta mahali pengine panapofanana na hapo. Makisio hayo ndiyo kielelezo, na kwa kielelezo wanachagua mahali pa kuhifadhi.

Jambo hili si geni kwenu. Mama mboga anajua anunue sukuma wiki mafungu mangapi siku ya Ijumaa kwa sababu anakumbuka Ijumaa zilizopita. Akihamia soko jipya, atakisia vibaya mpaka azoee. Kielelezo pia ni hivyo: hakiwezi kuwa kizuri kuliko habari kilizopewa.

Tuchukue mfano wa ndege. Tangu mwaka 2013 kuna kazi iitwayo Kenya Bird Map. Nchi imegawanywa katika miraba ya kama kilomita 9 kwa 9. Mtu wa kujitolea anatembea katika mraba kwa muda usiopungua saa mbili, anaandika kila aina ya ndege aliyoiona. Orodha nyingi zikiwekwa pamoja, zinasema mengi. Ndege aliyeandikwa katika orodha 8 kati ya 10 ni wa kawaida pale. Akishuka hadi 2 kati ya 10, kuna jambo la kuuliza. Habari hizi zinaweza kulinganishwa na kitabu cha ramani za ndege wa Kenya kilichotolewa mwaka 1989.

Lakini angalieni: mraba wa kilomita 9 ni mkubwa. Mtazamaji akishinda upande wenye bustani na miti, upande wetu utabaki bila habari. "Hapajaandikwa kitu" si sawa na "hapana kitu." Wengi huchanganya maneno haya mawili, na hapo ndipo wanyonge huumia.

WAOGIEK WALIFANYA NINI?

Mwaka 2006 Waogiek wa msitu wa Mau walikutana Nessuit, upande wa Nakuru, wakatengeneza kielelezo cha nchi yao kwa mikono. Si cha kompyuta. Ni vilima na mabonde unayoweza kuyagusa. Kipimo chake kilikuwa sentimita 1 kwa mita 100. Kazi ya namna hii haina uchawi. Unakata karatasi ngumu kufuata mistari ya mwinuko, unabandika moja juu ya nyingine, na milima inainuka. Halafu wazee wanaweka wanayoyakumbuka: pini kwa mahali, uzi kwa mito na njia, rangi kwa misitu na mashamba.

Uzuri wake ni kwamba mzee asiyejua kusoma anaweza kumsahihisha afisa. Anaweka kidole na kusema, "Hapa palikuwa na msitu." Afisa hawezi tena kusema kwamba hakuambiwa.

TUANZE VIPI HAPA?

1. Chagueni kipande kidogo cha mto. Kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 10, kilomita moja inaenea kwenye meza ya mita moja. Maboksi ya dukani na gundi yatatosha.

2. Tembeeni pamoja kabla ya kuchora: wazee, vijana, akina mama. Mzee anajua mto ulikopita zamani. Kijana anajua taka zinatupwa wapi usiku.

3. Andikeni tarehe, mahali na mlichoona: mwewe, korongo, vyura, miti, mabomba ya maji machafu. Mkitembea msione kitu, andikeni hivyo pia.

4. Rudieni kila mwezi, njia ile ile, muda ule ule. Orodha ya siku moja ni picha tu. Ya mwaka mzima ni ushahidi.

5. Wekeni nakala mbili katika nyumba mbili. Moto Majengo si hadithi.

TAHADHARI

Ramani ni kisu, na mwenye mpini ndiye hukata. Msitie majina ya watu wala alama ya nyumba ya mtu. Mkijua mti wa dawa ambao watu wakiusikia wataumaliza kwa kuukwangua, uacheni nje. Kabla ya kumpa mgeni nakala, kikundi kizima kikubali, na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Siahidi kwamba kielelezo cha maboksi kitazuia buldoza. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaiambia serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Tukiitwa mkutanoni tukaenda mikono mitupu, tutasikiliza tu na kurudi nyumbani. Tukiingia na meza yetu, itabidi wainame waitazame.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Ni kitu gani cha mto wetu tunachokijua sisi na hakimo katika ramani yoyote?
- Nani kati yetu ameukumbuka mto huu kwa miaka mingi kuliko wengine? Tumewahi kumwuliza?
- Ni habari gani tusiyotaka itoke nje, na kwa nini?