Mpira wa Mkojo: Swali Moja la Kuuliza Kila Asubuhi

Tuseme babu yako wa Simbo ameshindwa kukojoa tangu jana jioni. Tumbo la chini limejaa, jasho linamtoka, hakai wala halali. Mnamkimbiza Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini. Daktari anasema ni tezi dume: imevimba na kuibana njia ya mkojo. Nesi anamwekea mpira, na baada ya muda mfupi babu anashusha pumzi.

Mpira umemwokoa. Sasa kwa nini mpira huohuo unaweza kumrudisha wodini wiki mbili baadaye, akitetemeka kwa homa?

Bakteria wanaingiaje?

Kibofu kina ulinzi rahisi sana: kukojoa. Kila ukikojoa, bakteria waliojaribu kupanda wanasukumwa nje. Mpira unauvuruga ulinzi huo. Ule tunaouona sana wodini unaitwa Foley, kwa jina la Frederic Foley, daktari Mmarekani aliyeufanyia kazi miaka ya 1930. Una kiputo kidogo kinachojazwa maji ndani ya kibofu ili usichomoke. Lakini kwa sababu ya kiputo hicho, mkojo kidogo hubaki chini bila kutoka.

Bakteria hupita njia mbili. Wengine, hasa wale wa kwenye haja kubwa kama E. koli, hupanda kwa nje, kati ya mpira na ngozi. Wengine hupita ndani ya mpira, pale maungio yanapofunguliwa au mkojo wa kwenye mfuko unaporudi juu.

Wakifika hujishikiza kwenye mpira na kujijengea utando telezi. Unakumbuka dumu la maji lisilosuguliwa, ukipitisha kidole ndani linavyoteleza? Ni kitu cha namna hiyo. Kusuuza tu hakutoshi. Antibiotiki nazo huwafikia kwa shida bakteria waliojificha humo, ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu kisha homa inarudi. Mpira uliokaa muda mrefu mara nyingi hutolewa au kubadilishwa matibabu yanapoanza.

Hesabu ya siku

Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa kupata bakteria kwenye mkojo huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 7. Ukifika mwezi, karibu kila mgonjwa anao. Kwa hiyo kinga kubwa kuliko zote ni kuutoa mapema.

Hapo ndipo linakuja swali letu: "Nesi, mpira huu bado anauhitaji?" Uliza kila asubuhi, kwa heshima. Aliyezibwa na tezi dume anauhitaji. Mgonjwa mahututi ambaye mkojo wake lazima upimwe kila saa anauhitaji. Lakini kuuacha kwa sababu tu shuka zinalowa, au hakuna wa kumsindikiza chooni, si sababu ya kutosha.

Kama lazima ukae

Zamani mkojo ulitiririka kwenye chupa iliyo wazi, na ndani ya siku 4 hivi karibu wagonjwa wote walikuwa na bakteria. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani, Kunin na McCormack, walionyesha kwamba mpira na mfuko vikiunganishwa bila kuachwa wazi, maambukizi hupungua sana. Kwa hiyo:

- Usiutenganishe mpira na mfuko.
- Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu. Usiupandishe kitandani. Mkirudi Simbo kwa bodaboda, ufungeni mguuni chini ya goti, babu asiupakate.
- Umwageni kabla haujajaa. Kila mgonjwa awe na chombo chake, na bomba la mfuko lisiguse chombo hicho.
- Nawa kwa sabuni kabla na baada ya kuugusa.
- Mwosheni kwa maji na sabuni kila siku. Kwa mwanamke, osha kutoka mbele kwenda nyuma.
- Mpira usijikunje wala kuvutwa. Msiuchomoe wenyewe: kiputo kikiwa kimejaa, kinajeruhi.

Usikimbilie duka la dawa

Mkojo kuwa na ukungu au harufu pekee hakuthibitishi ugonjwa. Hata kipimo kikionyesha bakteria, kama mgonjwa hana dalili, kwa kawaida hahitaji antibiotiki. Kumpa kila mara kunazalisha bakteria sugu, na siku atakapougua kweli, dawa itagoma.

Dalili za kumrudisha hospitali haraka ni homa, kutetemeka, maumivu ya tumbo la chini au ubavuni, damu kwenye mkojo, mkojo kuacha kutiririka, au mzee kuanza ghafla kuchanganyikiwa. Hiyo ya mwisho watu wengi huiita uzee tu, kumbe huenda maambukizi yameshaingia kwenye damu.

Babu akiruhusiwa na mpira wake kusubiri upasuaji, kabla hamjatoka wodini ulizeni tarehe ya kuubadilisha au kuutoa. Iandikeni kwenye daftari lake la kliniki, na siku hiyo ikifika, mpelekeni hata kama anasema hajisikii vibaya.