Soya Mbichi Inavyolichosha Kongosho la Kuku Wako

Swali ninalopigiwa simu kuliko yote siku hizi ni hili: "Afisa, nimechanganya chakula mwenyewe, soya nimeweka ya kutosha, mbona broila hawanenepi?" Nikiuliza soya imeandaliwaje, mara nyingi jibu ni kwamba imesagwa pamoja na mahindi, basi. Kwamba soya ipikwe wengi mmeshasikia. Leo nataka tuelewe sababu, maana mtu anayekariri tu ndiye anayeruka hatua siku mkaa ukipanda bei.

Ukichinja kuku, fuata utumbo unapotoka kwenye firigisi. Unashuka, unakata kona, unapanda tena kama herufi U. Katikati ya hiyo U kuna kinyama chembamba kirefu, cha rangi ya waridi iliyofifia. Hicho ndicho kongosho, na wengi wetu tunakitupa bila kujua jina lake. Lina kazi mbili. Moja ni kutia insulini na homoni nyingine kwenye damu ili kuratibu sukari, hiyo tuiache. Ya pili ndiyo inayogusa mfuko wako: kutengeneza maji ya kumeng'enya chakula na kuyamwaga ndani ya utumbo. Maji hayo yana bikaboneti, ndugu wa karibu wa magadi, ya kupunguza makali ya asidi inayotoka tumboni. Pia yana vimeng'enya: amilasi ya kuvunja wanga, lipasi ya mafuta, na tripsini na wenzake wa kuvunja protini. Bila tripsini, protini uliyoinunua kwa bei mbaya inapita tu hadi kwenye maranda ya banda.

Sasa kongosho linajuaje kwamba chakula kimefika? Zamani wataalamu waliamini ni kazi ya mishipa ya fahamu peke yake. Huo ndio ulikuwa msimamo wa Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa umeng'enyaji. Lakini mwaka 1902, pale University College London, William Bayliss na Ernest Starling walifanya jaribio kwa mbwa aliyepewa dawa ya usingizi. Walikata mishipa yote ya fahamu inayokwenda kwenye kipande cha utumbo, kisha wakaweka asidi ndani ya kipande hicho. Kongosho likatoa maji yake vilevile! Wakakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, wakaisaga na mchanga na asidi, wakachuja, wakaingiza yale maji kwenye mshipa wa damu. Kongosho likatoa tena. Ina maana utumbo unatuma ujumbe kwa njia ya damu. Ujumbe huo wakauita sekretini, na mwaka 1905 Starling akaanza kutumia neno homoni kwa vitu vya aina hiyo. Neno tunalolisikia kila siku lilipata nguvu kutokana na utumbo na kongosho.

Sekretini ndiyo inayoita zaidi yale maji yenye bikaboneti. Vimeng'enya vinaitwa na homoni nyingine, kolesistokinini, iliyopewa jina hilo mwaka 1928 na watafiti wa Marekani, Ivy na Oldberg, waliogundua kwamba inakaza kibofu cha nyongo. Baadaye ikaonekana ndiyo hiyohiyo inayolisukuma kongosho litoe vimeng'enya. Ishike hii homoni, kesi yetu ya soya iko hapa.

Fikiria boya la kwenye tangi la maji ya kuku. Maji yakipungua, boya linashuka na bomba linafunguka. Tangi likijaa, boya linapanda na bomba linafunga. Utumbo nao una mpango kama huo, na umechunguzwa vizuri zaidi kwa panya wa maabara, hasa kuanzia kazi ya Green na Lyman ya mwaka 1972. Tripsini ikiwa huru ndani ya utumbo, yaani haina protini ya kuvunja, kolesistokinini inapungua na kongosho linapumzika. Protini ikiingia, tripsini inashikwa na kazi, homoni inapanda, kongosho linamwaga zaidi. Chakula kikiisha, bomba linafungwa.

Punje ya soya mbichi ina protini ndogo ambazo kazi yake ni kuzuia tripsini. Mmoja wa vizuizi hivyo alitengwa kwa usafi na Kunitz huko Marekani mwaka 1945. Kizuizi kinaing'ang'ania tripsini, na ikishashikwa haifanyi kazi tena. Utumbo unaona tripsini huru haipo, unadhani chakula bado kingi, unazidi kutuma homoni. Boya limekwama chini. Kongosho linamwaga, linamwaga, na kwa kuwa limeambiwa kazi ni nyingi, linakua. Mwaka 1948 watafiti wa Marekani walionyesha jambo hilo kwa vifaranga: waliolishwa soya mbichi kongosho lao lilivimba. Kwa nguruwe kongosho halivimbi kama la kuku, ila ukuaji unashuka, kwa hiyo mwenye nguruwe asijione amepona.

Hasara haiishii kwenye soya isiyomeng'enywa. Tripsini yenyewe ni protini, tena imejaa asidi amino zenye salfa, yaani methionini na sistini. Kuku anazitoa mwilini mwake, anazimwaga utumboni, zinatoka na kinyesi. Na soya tangu mwanzo ina upungufu wa methionini! Ndiyo maana anayelisha soya isiyoiva akiongeza methionini ya dukani anaona nafuu kidogo. Kwangu mimi hiyo ni kununua maji ya kujazia tangi lililotoboka.

Niwe mkweli, vizuizi si kosa lote. Mwaka 1973 utafiti wa Marekani uliofanywa kwa panya ulionyesha kwamba ukiviondoa peke yake, unapata nafuu ya takribani asilimia 40 tu ya ukuaji uliopotea. Sehemu nyingine ni kwa sababu protini ya soya mbichi yenyewe imejikunja na ni ngumu kuvunjwa. Joto linatibu yote mawili. Mwaka 1917 tayari Osborne na Mendel walishaonyesha kwamba panya wanakua vizuri soya ikipikwa.

Tuje kwenye pesa. Una broila 500. Kwa sababu ya soya mbichi wamechelewa wiki moja kufikia uzito wa mteja. Hata wakila gramu 120 tu kwa siku, hizo ni kilo 420 za chakula, zaidi ya mifuko minane ya kilo 50, kwa kuku wale wale na bei ile ile. Linganisha na kuni za kuchemshia.

Namna ya kupika. Chemsha maji kwanza, tia soya, na maji yakianza kuchemka tena hesabu dakika 30. Chuja, anika tandu nyembamba mpaka ikauke kabisa ndipo usage, la sivyo unakaribisha ukungu na sumukuvu, na hapo umetoka kwenye shimo moja ukaingia lingine. Kukaanga pia kunafaa, ila tumia tabaka jembamba na ugeuze bila kuacha. Shida ya kukaanga ni kwamba za chini zinaungua na za juu zinabaki mbichi. Soya iliyoungua hadi kahawia nzito imepoteza laisini, kwa sababu inashikana na sukari na kuku hawezi kuitumia. Mbichi hasara, iliyoungua hasara.

Utajuaje imeiva? Soya mbichi ina kimeng'enya kingine, yureasi, kinachovunja urea na kutoa amonia, na kinakufa kwa joto linalokaribiana na la kuua vizuizi. Chukua vikopo viwili vyenye vifuniko. Kimoja weka kijiko cha unga wa soya uliyopika, kingine kijiko cha soya mbichi ya kulinganisha. Kila kimoja ongeza kijiko cha mbolea ya urea na maji ya uvuguvugu ya kulowanisha, siyo ya moto. Funika dakika 20, fungua, nusa kwa tahadhari. Kile cha mbichi kitakupiga pua kama mkojo uliokaa. Kile cha kupikwa kikinuka hivyo hivyo, rudisha jikoni. Mwaga vyote, usilishe. Kipimo hiki hakikuambii kama umezidisha moto. Kwa hilo utahitaji maabara.

Mwenye ng'ombe anisikilize hapa: ng'ombe mkubwa anaivumilia soya mbichi kiasi, kwa kuwa vijidudu vya tumbo lake la kwanza vinavunja vizuizi. Ila usichanganye soya mbichi na urea kwenye chakula chake. Amonia uliyoinusa kwenye kikopo itatokea ndani ya tumbo, na inaua.

Ukihisi tatizo limeshaingia bandani, usikimbilie hitimisho. Minyoo, koksidia na vifaranga dhaifu navyo vinaleta kundi lisilolingana. Chinja mmoja aliyedumaa na mmoja wa jirani mwenye uzito unaokaribiana, linganisha kongosho zao. Likiwa kubwa waziwazi, kagua soya. Vifaranga ndio wanaoumia zaidi, hivyo kama una soya ya mashaka na huwezi kuipika leo, chakula cha kuanzia kitengeneze kwa dagaa na mashudu ya alizeti kwanza.

Mashudu ya soya kutoka viwanda vikubwa yamepita kwenye joto. Yale ya mashine ndogo za kukamua mtaani yapime kwa kikopo kila mzigo mpya, hata kama muuzaji ni rafiki yako.