Viatu, Saa na Mpira: Juu ya Wenzetu Wanaobaki Pembeni ya Uwanja



Kila siku ya tano, tunapoita majina ya watakaocheza siku ya posho, kuko wenzetu wanaojibu: "Mi siko na viatu, muniache tu." Sisi viongozi wa wanafunzi tulizoea kuandika jina la mwingine na kuendelea. Muhula uliopita tulipigwa goli nne, ndipo tukaanza kuulizana. Ekipe yetu haikuwa ya wanaojua mpira zaidi. Ilikuwa ya wale walio na viatu.

Tueleze basi namna mambo yanavyokwenda. Kiatu ni kitu cha kwanza, sababu Kanuni ya 4 ya mpira wa miguu inaomba kila mchezaji avae viatu, soksi na vikinga mguu. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1948, kwenye Olimpiki ya London, wachezaji wengi wa India walicheza na Ufaransa miguu mitupu, wakashindwa 2 kwa 1 tu. Wengine wanatuambia: "Angalieni Abebe Bikila wa Ethiopia!" Ni kweli, alishinda mbio ndefu ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Lakini wanasahau kwamba mwaka 1964 kule Tokyo alivaa viatu na akashinda tena. Kukimbia bila viatu kwa kupenda ni jambo moja, na kukosa feza ya kuvinunua ni lingine.

Volebolu iko tofauti. Kanuni zake zinamruhusu mwamuzi wa kwanza kukubali mchezaji acheze miguu mitupu. Wengi hawajui hili, hata sisi hatukujua. Siku moja tulikuwa wageni mahali fulani, mudogo wetu mmoja akaondolewa uwanjani sababu ya miguu yake, nasi tukanyamaza. Kumbe kapita wetu angeweza kwenda kuomba ruhusa mbele ya mchezo kuanza.

Tena mtu asifikiri michezo hii ilizaliwa katika utajiri. Basketi ilianzishwa mwaka 1891 kule Springfield, Marekani, na mwalimu James Naismith, katika chuo cha YMCA, chama cha vijana Wakristo. Alipigilia vikapu viwili vya matunda juu kwenye balkoni, na mpira ulikuwa ule wa miguu. Mwaka 1895 William Morgan, mtu wa chama kilekile, alianzisha volebolu kule Holyoke kwa kuinua wavu wa tenisi. (Sisi wa masomo ya Kiprotestanti tungepaswa kulijua hili mbele ya wengine.) Kwetu huku miti miwili ya mikaratusi na kamba vinatosha kuanza: mita 2,43 kwa wavulana, mita 2,24 kwa wasichana.

Lakini kwa maoni yetu saa inazuia watu kuliko viatu. Mazoezi yetu yanaanza saa kumi. Saa kumi, mtoto wa jamaa maskini yuko shambani, ama anachota maji, ama anamsaidia mama kuuza sokoni. Jamaa zilizokimbia mashamba yao tangu vita vya Djugu vilivyoanza mwisho wa mwaka 2017 zinajua hili zaidi. Kwa wasichana ni vibaya zaidi: kaka anarudi anaomba chakula, dada ndiye anapika. Halafu tunasema wasichana hawapendi michezo!

Kuko tena jambo la feza za masomo. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya masomo ya msingi, na huku sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Anayerudishwa nyumbani siku ya pili anakosa jimnastiki, na pointi za jimnastiki zinaandikwa kwenye buletini kama zile za hesabu. Akirudi siku ya tano, anakuta tumekwisha kufunga liste ya ekipe. Hapo kosa ni letu, siyo la Bwana Prefe wala la walimu.

Kwa hiyo, kuanzia muhula huu liste itafungwa siku ya posho asubuhi. Tumemwomba Bwana Prefe vilevile saa ya jimnastiki iliyo kwenye ratiba isichukuliwe tena kwa kumaliza masomo mengine, maana ndiyo saa moja tu ambayo wote tuko hapa. Tunajua mwalimu wa hesabu hatafurahi.

Juu ya viatu, tumeweka mfuko katika chumba cha vifaa. Yaya wa darasa la sita wanaotuacha mwaka huu, na kila mtu ambaye mguu wake umekua, alete vya zamani hata kama vimepasuka, mwenzetu mmoja anajua kushona. Mchezaji atavichukua mbele ya mchezo na kuvirudisha vikiwa vimeoshwa. Nambari 40 na 41 ndizo zinakosekana sana.