Bima Hulipa Chuma

Mwaka 2021 mioto miwili ilikula biashara za watu. Machi 10 jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Julai 10 ikawa zamu ya Soko Kuu la Kariakoo. Wa Kariakoo tuliuzungumza sana, wa Strasbourg haukutushughulisha, ingawa huo ndio unaomhusu kila anayeweka hesabu zake kwenye kompyuta. Kati ya wateja wa OVHcloud wapo waliokuwa wamelipia nakala rudufu, nazo nakala zikawa zimetunzwa pale pale motoni. Seva hununuliwa nyingine. Daftari la wadeni halina duka.

Mfanyabiashara anayekata bima ya vifaa vya elektroniki hudhani amekinga biashara yake, kumbe amekinga chuma. Bima hiyo kwa kawaida ina mafungu matatu: kifaa kilichoharibika ghafla, gharama ya kurudisha data, na gharama za ziada za kuendesha kazi, kama kukodi mashine nyingine wakati yako iko kwa fundi. Fungu la pili ndilo linalowapoteza wengi. Halilipi thamani ya taarifa. Hulipa jasho la kuzirudisha, yaani karani anayekaa wiki tatu akichapa upya risiti mojamoja. Kama risiti nazo zimeungua na nakala haipo, karani hana cha kuchapa na bima haina cha kulipa. Kwa hiyo nakala inayokaa mbali na ofisi si mbadala wa bima. Ndiyo inayoipa bima kazi ya kufanya, na mara nyingi hati yenyewe huidai kama sharti.

Wapo wanaosema kampuni za bima hutafuta kila kisingizio zisilipe. Malalamiko hayo yana ukweli, ila kisingizio mara nyingi kimo ndani ya hati iliyotiwa saini bila kusomwa. Hati nyingi hulipa wizi uliofanyika kwa kuvunja. Kompyuta mpakato iliyonyakuliwa kaunta mchana kweupe, mlango uko wazi, haimo. Au mtu ana vifaa vya shilingi milioni 10, anavikatia bima ya milioni 5 ili ada iwe ndogo. Ikitokea hasara ya milioni 4, analipwa 2, kisha inatolewa sehemu anayopaswa kubeba mwenyewe. Hata wakubwa hugombana. Baada ya shambulio la kirusi cha kompyuta NotPetya la Juni 2017, kampuni za bima za Merck, kampuni ya dawa, zilidai kile kilikuwa kitendo cha vita kisicholipika. Mahakama za New Jersey zikaipa Merck haki. Soko la Lloyd's la London nalo likaagiza kwamba kuanzia 2023 bima za mtandao ziyaondoe waziwazi mashambulizi makubwa yanayofadhiliwa na mataifa. Duka la vipuri halina mawakili wa Merck. Bora liulize kabla.

Wengine watasema data yao iko kwenye wingu. Wingu ni jengo la mtu, lina paa na nyaya. Tena kirusi kikifunga mafaili dukani, programu ya kusawazisha huyapeleka juu yakiwa yamefungwa vivyo hivyo. Na anayelia kwamba ada ya bima ni ghali simlaumu: aanze na diski ya nje, inayochomolewa kila jioni na kulala nyumba nyingine, halafu bima ije juu yake. Kuchomoa si jambo dogo. NotPetya ilipoikumba kampuni ya meli ya Maersk, seva zilizobeba ramani ya mtandao wake mzima zilifutika duniani kote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika nayo ikawa nje ya mtandao. Data yake ilibebwa mkononi kwa ndege hadi Uingereza, ikipokezanwa Nigeria, maana mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza.