Mheshimiwa anaahidi visa ya masomo. Je, ni yake kutoa?

1/ Kila msimu wa kampeni kuna mtu hupanda jukwaani na kusema: "Vijana wetu watasoma ng'ambo, mambo ya visa niachieni mimi." Makofi! Leo tuulize swali moja tu: hiyo visa ni yake kutoa?

2/ Jibu fupi: la. Visa ama kibali cha masomo hutolewa na nchi unayoenda. Gavana, mbunge, hata waziri wetu hana mamlaka hayo.

3/ Chukua Finland. Kozi ikizidi miezi 3, unaomba kibali cha kuishi huko kwa ajili ya masomo. Unajaza maombi mtandaoni, kisha unafika mwenyewe na pasipoti, unatoa alama za vidole. Anayeamua ni idara yao ya uhamiaji, Migri.

4/ Wanaangalia nini? Barua ya kukubaliwa na chuo, karo, bima ya afya, na pesa za kujikimu: yuro 800 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 9,600, yaani zaidi ya shilingi milioni 1, na hapo karo haijahesabiwa. Pesa hizo ziwe kwa akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, si ya mjomba.

5/ Sasa hapa ndipo mambo huharibika. Mzazi anauza ng'ombe, anauza kipande cha shamba, anaweka pesa kwa akaunti ya "mpango". Anajua amelipa chuo. Kumbe chuo hakijaona kitu. Karo ikikosa kufika, kibali hakuna. Na kama mtoto ashafika huko, nafasi yake chuoni iko hatarini.

6/ Si hadithi za kutisha watu. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa chini ya mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa masomo Finland na Kanada. Suala likafika Seneti. Wanasiasa walirushiana lawama, mzazi akabaki akishika risiti.

7/ Je, serikali haina kazi hapa? Iko nayo. Inaweza kutoa basari, kuthibitisha kwamba chuo kipo kweli, na kuandika mkataba ambao mzazi anausoma na kuuelewa. Huo ni msaada halali. Kuahidi visa ni kuahidi kitu cha mwenyewe.

8/ Kwa hivyo akija kwenu, muulize maswali matatu: Pesa zetu zinaingia akaunti gani? Nani anatia sahihi kuzitoa? Visa ikikataliwa, zinarudi lini, na imeandikwa wapi?

9/ Na wewe mzazi: mtoto aombe chuo mwenyewe, karo itumwe moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, risiti mkae nayo. Akikasirika kwa kuulizwa, hapo ushapata jibu.